Gobori wakati wa mvua: bunduki yenye imelowana haijakufa

Katika Katanga mvua inarudi mwezi wa 10 ao wa 11 na inakaa mupaka mwezi wa 4. Majani mapya yanaota, nyayo za nyama zinaonekana vizuri katika udongo laini, na mutu anaweza kutembea porini bila majani makavu kulia chini ya miguu yake. Kwa mwindaji hiyo ni habari njema. Kwa bunduki yake ni habari mbaya, zaidi sana kama bunduki hiyo ni gobori.

Gobori ni bunduki yenye inashindiliwa kwa mudomo wa mututu. Kwanza baruti, kisha kitambaa ao nyuzi za kuikaza, kisha risasi ao marisawa, na juu yake tena kitambaa. Haina kartushi. Kila kitu kinaingizwa kwa mukono, kimoja kimoja, na kusukumwa na mudeki, ule ufito murefu unaolala chini ya mututu. Watu wanaiita majina mengi: wengine wanasema pupu, wengine bunduki ya fataki, na katika makaratasi ya Kifaransa inaandikwa fusil à piston. Katika vijiji vingi vya Kongo ndiyo bunduki ya mwindaji wa kawaida, sababu fundi wa chuma anaweza kuitengeneza, na sababu kartushi za kalibre 12 ni za bei.

Mwindaji akivuta na bunduki ikatoa tu ule mulio mudogo, "ta!", watu wanasema baruti imekunywa mayi. Kwa kawaida hadithi inaishia pale. Nyama imekimbia, mutu anarudi na mikono mitupu, wenzake wanamucheka kidogo. Lakini bunduki yenye imekataa bado iko na baruti ndani, bado iko na risasi ndani, na hakuna mutu anayejua kama imekataa kabisa ao imechelewa tu. Hapo ndipo watu wanapoteza vidole na macho. Kuikausha bunduki ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kujua la kufanya wakati maji yameshinda.

Maji yanaingia wapi

Baruti nyeusi imefanywa na vitu vitatu: shura, makaa ya miti na salfa. Shura ni aina ya chumvi, na inayeyuka katika maji kama vile chumvi ya kupikia. Ndiyo maana baruti yenye imelowana kabisa hairudi kuwa baruti nzuri, hata ikianikwa juani siku mbili. Shura imetoka katika nafasi yake, punje zimeshikamana, na pengine unaona kitu cheupe kama ukungu juu yake. Inaweza kuwaka, lakini bila kipimo: leo polepole, kesho kwa nguvu.

Unyevu kidogo ni jambo lingine. Baruti yenye imepata unyevu kidogo tu inaweza kukataa asubuhi na kukubali mangaribi, kisha kukauka ndani ya mututu.

Mulango wa kwanza wa maji ni mudomo wa mututu, na huo kila mutu anaujua. Wa pili ni kifa, ile chuchu ndogo ya chuma yenye tundu, kule nyuma, ambapo fataki inavalishwa. Nyundo inapiga fataki, moto unapita katika tundu na kufikia baruti. Tundu lile ni jembamba sana. Tone moja la maji linatosha kulifunga. Mulango wa tatu ni chombo cha baruti. Mwindaji anafunika bunduki yake muzuri, kisha anafungua pembe ya baruti chini ya mvua na mikono yenye inatiririka maji.

Mulango wa nne ndio watu wanasahau, sababu unatoka ndani. Kila baruti nyeusi inapolia inaacha masizi, na masizi hayo yanavuta unyevu wa hewa. Bunduki yenye ilipigwa jana na haikusafishwa inakuwa na utelezi mweusi ndani hata kama haijaona mvua yoyote. Ukimimina baruti mupya pale, inashikamana na ule uchafu na kulowana kabla ya risasi kushuka. Wawindaji wengi wanalaumu mbingu kwa kosa la masizi.

Kuna tena baridi. Mutu amelala na bunduki nje kwenye mulima, tuseme upande wa Kundelungu ao ile milima ya Lubero yenye asubuhi za ukungu, kisha anaingia nayo katika nyumba ya jikoni yenye moto. Chuma baridi kinakutana na hewa ya joto yenye mvuke wa masufuria. Maji yanatokea juu ya chuma, nje na ndani, vile vile yanavyotokea juu ya chupa iliyotoka katika frigo. Hakuna tone la mvua lililoanguka, na bunduki imelowana.

Kutoka jiwe mupaka fataki

Shida hii ni ya zamani kuliko gobori zenye ziko leo katika vijiji. Bunduki za kwanza zilizofika kwa wingi katika Katanga wakati wa Msiri, mufalme wa Wayeke kule Bunkeya, zilitoka pande mbili: pwani ya Zanzibar upande wa mashariki na Benguela upande wa Atlantiki. Zililipwa kwa pembe za tembo, shaba na watu waliofanywa watumwa. Baruti ilikuja katika vipipa juu ya mabega ya wapagazi, safari ya miezi, kuvuka mito na masika. Bunduki pasipo baruti kavu ilikuwa tu fimbo ya bei kali.

Nyingi zilikuwa za gumegume, ni kusema za jiwe. Nyundo inashika kipande cha jiwe gumu, jiwe linapiga chuma, cheche zinaanguka katika kisahani kidogo chenye baruti laini. Kisahani hicho kiko wazi ao kina kifuniko tu. Upepo ukija, baruti inaruka. Mvua ikija, baruti inakuwa uji. Na katika mwaka wa 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalikubaliana kufunga biashara ya silaha za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, na kuruhusu, kwa masharti, bunduki za gumegume zisizo na mifereji ndani ya mututu, pamoja na baruti ya kawaida. Kwa neno lingine, wakati majeshi ya wazungu yalikuwa tayari na kartushi za chuma zisizoogopa mvua, Mwafrika alikubaliwa tu silaha yenye mvua inaweza kuizima. Hawakufanya hivyo kwa bahati mbaya.

Fataki ilitokea mapema kuliko hapo. Pasta mumoja wa Scotland, Alexander Forsyth, alikuwa mwindaji wa bata. Bata waliona mwako wa kisahani na kuzama kabla marisawa hayajafika. Alitafuta dawa ya kuwaka kwa kupigwa tu, bila cheche wazi, na katika mwaka wa 1807 akaandikisha uvumbuzi wake. Miaka 15 baadaye ile kofia ndogo ya shaba, fataki yenyewe, ilikuwa imeanza kuuzwa.

Jeshi la Uingereza lilifanya jaribio katika mwaka wa 1834: risasi 6 000 kwa bunduki za gumegume na risasi 6 000 kwa bunduki za fataki, katika kila aina ya hali ya hewa. Za gumegume zilikataa mara 922. Za fataki zilikataa mara 36. Hata hivyo askari wengi waliendelea na jiwe kwa miaka, na mwezi wa 5 mwaka wa 1841, karibu na Canton kule China, kikosi cha askari Wahindi wa Waingereza kilizungukwa na wanakijiji katika mvua kubwa. Bunduki zao za gumegume hazikulia tena. Walijilinda na singe. Kikosi kilichotumwa kuwatafuta kilikuwa na bunduki za fataki, na hizo zililia.

Kwa hiyo mwindaji mwenye gobori ya fataki leo yuko na faida kubwa kuliko babu yake. Lakini mara 36 si sifuri. Na hesabu ile ilifanywa na fataki za kiwanda, si na zile zenye mutu ameweka miezi sita katika mufuko wa suruali.

Namna ya kuifunika

Kazi inaanza nyumbani, kabla ya kushindilia. Mafuta yenye yanalinda chuma dhidi ya kutu yanaua baruti vile vile kama maji. Mututu upanguzwe na kitambaa kikavu mupaka kitambaa kitoke bila alama. Kisha, nje ya nyumba, bunduki ikiwa tupu, wazee wa kazi wanaweka fataki moja na kuipiga mudomo wa mututu ukiwa karibu na jani chini. Jani likitikisika, njia iko wazi na mafuta ya ndani ya kifa yameungua. Jani lisipotikisika, tundu limeziba, na hakuna haja ya kuingia porini.

Kisha baruti, na juu ya baruti kitambaa kikavu, na juu yake kitambaa kingine chenye kimepakwa nta ao mafuta magumu ya nyama. Kile chenye mafuta kinafunga njia ya maji kutoka juu. Kile kikavu kinazuia mafuta yasishuke katika baruti. Ukiacha kile kikavu, na bunduki ikakaa hivyo muchana kutwa katika joto, mafuta yenyewe yatafanya kazi ya mvua. Mafuta yenye chumvi hapana: chumvi inakula chuma.

Mudomo wa mututu unafunikwa na kitu chepesi. Kipande cha sashe ya plastiki kilichofungwa na uzi, kidole cha glavu ya hospitali, puto ya watoto. Hivyo havina haja ya kutolewa wakati nyama inatokea, sababu hewa yenye inasukumwa mbele ya risasi inavipasua kabla risasi haijafika. Wawindaji wa Marekani, ambako kuna watu wanaochagua gobori kwa kupenda tu, wanafanya hivyo hivyo. Katika provensi ya Pennsylvania kuna msimu wa gumegume peke yake tangu 1974, unaanguka katikati ya baridi na teluji kisha Noeli. Watu wako na magari na makoti ya bei, na bado wanapaka nta ya nyuki.

Lakini chepesi ni chepesi. Kuziba mudomo na kijiti, na gunzi la muhindi, na kitambaa kilichokazwa, ni kutengeneza bomu. Udongo pia. Mutu akianguka na mudomo wa bunduki ukaingia katika matope, kule kuwinda kumekwisha mupaka mututu usafishwe. Mututu mwingi wa kienyeji umetoka katika bomba la chuma ambalo halikufanywa kwa kazi hiyo. Hauna nguvu ya kuvumilia kizuizi.

Upande wa nyuma, dawa ya zamani ni ngozi. Wazungu waliiita "goti la ng'ombe", sababu ngozi ya goti iko tayari na umbo la kukumbatia mutambo. Inapakwa mafuta, inalala juu ya mutambo wote na kufungwa chini na kamba. Kipande cha mupira wa ndani wa pikipiki kinafanya kazi ile ile na hakina gharama. Ni lazima kiwe kirefu kupita mutambo pande zote mbili, sababu maji yanateleza juu ya mututu na kuingia kwa pembeni. Na kitolewe taratibu, nyundo ikiwa imelala: kuna wenye kukivuta kwa haraka na kunasa nyundo.

Kuhusu fataki yenyewe kuna shule mbili. Wengine wanaivalisha mapema na kuzungusha nta laini pale inapokutana na kifa, duara nyembamba tu, hata hewa isipite. Inazuia maji vizuri. Wengine wanatembea bila fataki, na kipande cha ngozi chenye nta kati ya nyundo na kifa. Fataki iko katika chupa ndogo kavu na inavalishwa wakati nyama inaonekana. Shule ya kwanza inaua nyama nyingi zaidi. Ya pili inaua wenzako wachache zaidi, na porini penye utelezi, ambapo mutu anaanguka mara mbili kwa saa, ni vigumu kuona sababu ya kuchagua ile ya kwanza.

Kubeba bunduki mudomo ukiangalia chini, mutambo chini ya kwapa na ndani ya koti, ni namna nzuri ya kuikinga na mvua. Iko na hatari moja. Risasi yenye haikukazwa vizuri inaweza kuteleza mbele na kuacha nafasi kati yake na baruti, na nafasi hiyo inaweza kupasua mututu. Kwa hiyo kila saa moja mudeki uingizwe polepole, fataki ikiwa imetolewa, kuona kama muzigo bado umekaa chini.

Kwa kupima huko kuna alama mbili ambazo kila mudeki unapaswa kuwa nazo: moja inaonyesha mahali unafika katika mututu mutupu, nyingine mahali unafika bunduki ikiwa imeshindiliwa. Ni mikato miwili ya kisu, kazi ya dakika tano.

Baruti ya akiba isikae katika chombo kimoja. Pembe ikifunguliwa mara kumi chini ya mvua, baruti yote inapata unyevu mara kumi. Vichupa vidogo vya dawa vya plastiki, kila kimoja na kipimo cha mara moja, kifuniko kimekazwa na kuzungushiwa nta: ukilowesha kimoja umepoteza kimoja. Wazee walitumia matete na mianzi kwa maana ile ile. Inasaidia pia kwa jambo lingine: kumimina baruti kutoka pembe kubwa moja kwa moja katika mututu wenye umetoka kulia ni hatari, sababu kaa dogo likibaki ndani, moto unapanda mupaka mukononi.

Bunduki ikikataa

Sasa "ta!" imesikika. Nyama imeruka. Kila kitu katika mwili wa mwindaji kinamuambia aishushe bunduki, aigeuze, aangalie nini kimetokea. Ndicho kitu cha kutofanya.

Moto unaweza kuwa umepita katika kifa na kukuta baruti yenye unyevu. Punje chache zinawaka polepole, zinakausha za jirani, na baada ya sekunde moja ao zaidi muzigo wote unaondoka. Kwa hiyo bunduki ikae begani ao mbele ya mwili, mudomo ukiangalia upande ambao hakuna mutu wala nyumba, kwa dakika moja nzima. Hapana kupuliza katika mudomo wake. Hapana kuangalia ndani. Hapana kumupa mwenzako aijaribu. Dakika moja porini kisha kukosa nyama ni ndefu sana, na wengi hawafiki hata kumi kwa kuhesabu.

Kisha dakika hiyo, fataki ya zamani inatolewa. Kama haikuwaka, ni fataki ndiyo ililowana, na mupya kavu inaweza kutosha. Kama iliwaka, tundu la kifa linapitishwa waya mwembamba, punje chache za baruti kavu zinaingizwa pale, fataki mupya inavalishwa, na bunduki inapigwa katika udongo laini usio na mawe, mbali na watu. Si kwa kufuata nyama. Ni kwa kuiondoa tu. Ikilia, inasafishwa kabla ya kushindiliwa tena. Ikikataa, dakika moja tena.

Ikikataa mara ya pili ao ya tatu, muzigo unapaswa kutolewa kwa mudomo. Mafundi wengine wana kichwa cha skrubu chenye kinafungwa kwenye mudeki. Kinatoboa risasi na kuivuta. Lakini kuvuta chuma juu ya baruti isiyojulikana kama imekufa ni kazi ya kutetemesha. Dawa yake inashangaza watu: maji. Fataki ikiwa imetolewa, maji yanamiminwa katika mututu na katika kifa, yanaachwa muda murefu mupaka baruti iwe uji kweli, kisha ndipo risasi inavutwa. Yale maji mwindaji aliyakimbia tangu asubuhi, sasa ndiyo yanamulinda uso.

Kosa lingine la wakati wa mvua ni kushindilia mara mbili. Mutu amechoka, radi inapiga, hasikii vizuri. Anafikiri bunduki ililia, kumbe fataki peke yake ndiyo ililia. Anamimina baruti nyingine na risasi nyingine juu ya zile za kwanza. Jambo hilo si la wajinga tu. Kisha vita ya Gettysburg kule Marekani, mwaka wa 1863, waliokota bunduki zaidi ya 27 000 katika uwanja. Kadiri 24 000 zilikuwa bado zimeshindiliwa, na kadiri nusu ya hizo zilikuwa na mizigo miwili. Moja ilikuwa na mizigo 23. Hao walikuwa askari waliofundishwa. Ile mikato miwili kwenye mudeki, mutu akiitumia kila mara, inamaliza shida hiyo.

Kurudi nyumbani

Hadithi ya kawaida inakuwa hivi. Mvua imeshinda, bunduki imekataa, giza linaingia, mwindaji anarudi. Kutoa risasi ni kazi ndefu, anasema atafanya kesho. Anatundika bunduki jikoni, juu ya moto, "ikauke". Kwa masaa yote ya usiku joto linafanya kazi yake: baruti yenye ilikuwa na unyevu inakauka ndani ya mututu, na bunduki iliyokufa porini inafufuka ndani ya nyumba. Fataki pengine bado iko juu ya kifa. Asubuhi baba amekwenda shambani, na mutoto wa miaka saba anajua, sababu alisikia watu wazima wakisema jana, kwamba bunduki ile imeharibika.

Bunduki yenye imeshindiliwa isiingie nyumbani. Kama haikuondolewa porini, iondolewe nyuma ya kijiji, hata kwa taa ya tochi, hata kama mutu anasikia njaa. Na shefu wa kijiji ao majirani waambiwe mapema, hasa katika maeneo ambako mulio wa bunduki usiku unakimbiza watu wote porini. Katika teritware zenye zimeona vita, mulio mumoja usio na maelezo unaweza kuleta matatizo makubwa kuliko risasi yenyewe.

Baruti yenye imelowana haikaushwi karibu na moto, wala juu ya bati la moto, wala katika sufuria. Hata juani haikaushwi kwa kutumiwa tena, sababu kama ilivyosemwa juu, haina tena kipimo. Inamiminiwa maji mengi na kutupwa katika shimo. Mwindaji mwenye alilipa franga zake kwa baruti hiyo hapendi kusikia neno hilo, lakini mukono mupya hauuzwi sokoni.

Bunduki yenyewe inaoshwa, na inaoshwa na maji. Masizi ya baruti nyeusi hayayeyuki katika mafuta. Yanayeyuka katika maji ya moto na sabuni kidogo. Kifa kinafunguliwa kama kinafunguka, mututu unasimamishwa katika beseni, na kitambaa kwenye mudeki kinapandisha na kushusha maji mupaka yatoke meupe. Maji yawe ya moto sana, sababu chuma kikipata joto kinajikausha chenyewe. Kisha vitambaa vikavu, kimoja kisha kingine. Kisha mafuta mepesi ya mashine ao vazelini kidogo. Mafuta ya mawese watu wanayatumia sababu yako karibu, lakini yanaganda na kubeba asidi. Ni bora kuliko kutu kwa siku mbili, si kwa mwezi.

Bunduki ikitoka katika baridi ya mulima, ikae kwanza chini ya upenu, imefungwa katika kitambaa, mupaka chuma kilingane na hewa ya nyumba. Nusu saa inatosha.

Kuhusu sheria: kuwinda katika Kongo kunatawaliwa na sheria namba 82-002 ya tarehe 28 mwezi wa 5 mwaka wa 1982, pamoja na sheria ya 2014 juu ya ulinzi wa viumbe. Permi ya kuwinda inaombwa, silaha yenyewe iko na masharti yake, na hakuna permi ya mwindaji wa kijiji inayomuruhusu kupiga tembo, okapi ao sokwe, wala kuingia kuwinda katika mbuga kama Upemba na Kundelungu. Gobori haiko nje ya sheria hizo kwa sababu tu ilitengenezwa na jirani. Na mikoba ya shule, nyumba ya wageni, nyuma ya kabati la masahani si mahali pa kuiweka. Iwe tupu, fataki katika chombo kimoja, baruti katika chombo kingine na mbali, ufunguo kwa mutu mukubwa mumoja.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kazi nyingine yoyote, kitambaa cheupe kinapitishwa tena ndani ya mututu. Mara nyingi kinatoka na rangi nyekundu-nyekundu, hata kama jana kilitoka safi. Ni maji yaliyojificha karibu na kifa, ambapo mudeki haufiki vizuri. Kinapitishwa kingine chenye mafuta, na siku ya tatu kingine tena.